Miwa ya Antoine

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimevuka ziwa Mweru ndani ya mtumbwi unaoingiza maji, nimelala kambini Kenani juu ya matope, na nimegombana na wavuvi wa Kashikishi wakiwa na visu mikononi, nikashinda. Lakini huku kwetu Mantapala kuna kipande kimoja cha dambo, pale bondeni ardhi isipokauka, ambacho kwa miaka mingi sikukipita saa sita mchana bila kukunja ngumi. Kilikuwa cha jirani yangu, Mama Yolande.

Ulikuwa mstari mmoja tu wa miwa, hatua kama thelathini. Miwa myembamba, myekundu inayokaribia zambarau, migumu ya kuvunja jino. Dambo letu lina kelele zake siku zote: nyuki, nzi, vyura, nyigu wanaotafuta sukari. Kando ya mstari ule hapakuwa na kitu. Hata sisimizi hawakupanda. Ukisimama pale ulisikia damu yako mwenyewe masikioni. Majani yalisuguana hata siku isiyo na upepo, na kulikuwa na harufu ya ziwa, ile ya tope na samaki, wakati ziwa lenyewe liko mbali, nusu siku kwa baiskeli yenye mzigo.

Naitwa Pierrette. Nauza miwa ya kutafuna pale Kashikishi, na ulimi wangu unajulikana sokoni kuliko miwa yangu. Nasema hivyo mapema ili usije ukanihurumia baadaye.

Yolande alitoka upande wa Kilwa, ile Kilwa yetu ya Kongo. Mume wake Antoine alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache, na nyuma ya bafu lao, pale maji ya kuoga yanapotirikia, alikuwa amepanda miwa aliyorithi kwa babu yake. Vita vilipowafikia mwaka 2017, wengine walibeba sufuria, wengine walibeba watoto. Antoine alikata miwa. Aliifunga ndani ya gunia lililoloweshwa, akampa mke wake pamoja na mfuko wa nguo zake.

“Tangulia na ule mutumbwi wa kwanza,” alimwambia. “Miye nakuya na wa pili. Na usiache batu batafune. Ile ni mbegu.”

Mtumbwi wa kwanza ulifika. Wa pili haukufika. Wengine walisema ulipinduka, wengine walisema ulirudi Kongo baada ya kusikia risasi, na wengine hawakusema kitu kwa sababu hawakuwa wameona kitu. Mwili haukupatikana. Pale Kenani, kambi ya kupokelea wakimbizi upande wa Zambia, tulipokuwa tunapanga foleni ya unga, Yolande alikaa karibu na bomba, akiloweka gunia lake. Watoto wenye njaa walimlilia. Hakuwapa hata kipande. Mimi nilimcheka kwa sauti, nikasema huyu ameokoa kuni tamu akaacha bwana.

Alinisikia. Akamwagia gunia maji tena.

“Bwana yako iko wapi?” wanawake walimuuliza.

“Iko njiani. Atafika.”

Mwaka uliofuata tulihamishiwa Mantapala, makazi ya wakimbizi yenye ardhi ya kulima, tukapewa viwanja, na mimi na yeye tukawa majirani, nyumba na shamba. Hakukaa kilio. Hakunyoa nywele, hakuvaa nguo ya matanga. Kwa nini aomboleze mtu aliye njiani? Kila mara ukimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: atafika.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipokosea.

Siku aliyopanda, nilikuwa ng’ambo ya mfereji, nimeinama nakata majani. Nilimwona anachimba mtaro mrefu. Unajua muwa haupandwi kwa kusimama. Unalazwa ndani ya mtaro, kisha unafunikwa udongo kama mtu aliyelala. Kabla ya kulaza muwa, Yolande alifungua ule mfuko, akatoa shati la mwanamume, la mistari ya buluu. Akalitandaza chini, mikono imenyooshwa. Akalaza miwa juu yake. Akafukia polepole, akiongea. Aliongea sentensi moja, akanyamaza kidogo kama anayesubiri mwenzake amalize, akaongea tena.

Kwetu, kuzika nguo ya mtu ambaye hajatangazwa kufa ni kumwita kaburini. Hakuna tafsiri nyingine. Anayefanya hivyo ni mlozi, na anayempata kwa njia hiyo hamwachi apumzike. Anamfanyiza kazi shambani chini ya ardhi. Niliondoka kwa magoti mpaka nilipofika kwenye nyasi ndefu, na sikumwambia mtu. Miaka sita nilikaa na neno lile tumboni, nikimsalimia Yolande kila asubuhi, nikila mboga zake.

Kisha wakaja vidukari.

Ule ulikuwa mwaka mvua ilipokatika mapema. Nilikunja jani moja la muwa wangu nikaona upande wa chini umejaa vidudu vya manjano, vidogo kama punje za ulezi, vimekaa bega kwa bega, midomo imechomekwa, vinanyonya. Vinakojoa sukari. Sukari ile inadondoka kwenye majani ya chini, sisimizi wanakuja kuilamba na kuwachunga kama mbuzi, kisha juu ya ile sukari kunaota ukungu mweusi wa masizi. Ndani ya mwezi mmoja dambo zima lilinata na kuwa jeusi. Miwa yangu ni ile minene, laini, ya kijani, ambayo hata bibi asiye na meno anaitafuna. Wavuvi wanaipenda mno. Sasa nilipoifikisha Kashikishi, wanawake wa dagaa walishika pua. “Mama, hii umeipaka makaa?”

Na mstari wa Yolande ulibaki msafi. Majani yake yaling’aa. Mashamba yote yaliyouzunguka yalikuwa yanakufa, na katikati yake mstari ule umesimama, hauna mdudu, hauna doa. Siku moja niliokota jani la kwangu lililojaa vidukari nikalitupa juu ya muwa wake kwa makusudi, nikajificha. Saa sita ilipofika niliona vidukari wanatembea. Vidukari hawatembei hivyo. Wakipata pa kunyonya wanatulia. Wale walipanda, wakashuka, wakazunguka, kama watu waliobisha hodi kwenye nyumba na hakuna anayeitika. Yolande akaja na jembe lake, kama alivyozoea saa ile. Akasimama mbele ya mstari.

“Antoine, jua ni kali leo,” akasema. Akaacha nafasi.

Na katika ile nafasi, bila upepo wowote, majani yalisuguana.

Jioni ile ulimi wangu ulifunguka. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata kizuizi. Nilisema kuhusu shati. Nilisema Antoine yuko chini ya ile miwa, na ndiye anayetoka usiku kuondoa vidudu kimoja kimoja kwa vidole. Kufikia Jumapili, hata watu wasiolima miwa walikuwa wanajua idadi ya vidole. Mmoja alikuwa ameviona. Wamama wakaacha kuteka maji upande ule. Mtu akamwaga majivu mlangoni kwa Yolande, kama wanavyofanyiwa walozi.

Papa Pitchou, prezida wa bloku yetu, yaani mwenyekiti wa mtaa wetu pale makazini, alikuwa mtu wa kupenda amani, na watu wa aina hiyo mara nyingi hununua amani kwa mali ya mwenye kuonewa. Alituita wote dambo.

“Mama Yolande, batu banaogopa,” alisema. “Bon. Komite inaona hivi: Jumamosi tutakata ile miwa, tutaichoma. Tutachimba na ile shati.”

“Munachoma muwa, ao munachoma miye?”

“Miwa tu, mama.”

“Ile shati ni ya nini?” mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Sauti ilikuwa yangu, nakiri.

Yolande alinigeukia. “Pierrette, kwenu munafanya nini mutu akipotea njiani?”

Niliinama nikafunga upya kitenge changu.

“Kwetu tunatandika nguo yake pahali atakaa, tunapanda juu yake kitu chenye kuishi. Hivi miguu yake itajua nyumba. Si ya kuua mutu. Ni ya kumwita arudi. Na amerudi. Munaona benyewe: bidudu haviwezi kukaribia. Ni yeye njo anachunga.”

Kwa hiyo hata yeye aliamini! Watu walirudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Mimi nilitegemea akane. Angekana tungemwita mwongo na mambo yangekwisha; lakini alisimama pale akisema ndiyo, mume wangu yumo humu, na nyuma yake miwa ile ikasugua majani.

Aliyetuokoa ni ba Lackson, kama anavyoitwa kwa heshima, bwana shamba wa serikali, Mzambia wa hapa Nchelenge, mwenye pikipiki mbovu na kofia iliyopauka. Alikuwa amekuja kutazama vidukari. Alikunja jani la Yolande, akalitazama kwa kioo chake cha kukuzia, muda mrefu, akasahau kabisa kwamba tuko kwenye ugomvi.

“Awe, hapana, ba prezida, mungoje kwanza,” alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Kuko miwa bidudu binapenda, kuko miwa bidudu binakataa. Muwa yenyewe inajilinda, ku damu yake. Bamayo Yolande, unipatie bipande bitatu, tupande mbali na hapa. Kama ni mutu anafukuza bidudu, ule mutu atabakia huku. Kama ni muwa, hata upande wapi, bidudu bitakataa.”

Papa Pitchou alitoa miezi miwili. Nilifikiri Yolande angefurahi. Badala yake uso wake ulisinyaa.

“Na kama binakataa kule,” aliuliza taratibu, “miye nitabaki na nani?”

Ba Lackson alivua kofia akaanza kuikunja. Ndipo nilipoelewa mtego aliowekewa. Miwa yake ikionekana ni miwa tu, moto utazimwa lakini Antoine atakuwa hakurudi kamwe. Ikionekana ni Antoine, watamchoma. Alikata vipande vitatu mwenyewe, kila kimoja na macho mawili ya kuchipua, akampa ba Lackson.

“Pierrette achunge,” alisema. “Yeye njo alisema. Macho yake ni makali.”

Basi nikawekewa bidoni mbili uani kwangu, yale madumu ya mafuta ya msaada, yaliyokatwa juu. Moja ya miwa ya Yolande, moja ya kwangu. Wiki sita nilimwagilia. Ilipotoa majani matano, ba Lackson alibandika vipande vya jani vyenye vidukari ishirini kwenye miwa ya kila bidoni, kwa miba ya mchungwa, akaniambia nihesabu kila asubuhi.

Sitasahau zile asubuhi. Kwenye bidoni yangu, siku ya tatu walikuwa themanini. Siku ya saba sikuweza tena kuhesabu, na sisimizi walikuwa wamepiga barabara kutoka ukutani. Kwenye ile nyingine, siku ya kwanza walitembea. Siku ya pili walitembea. Niliwatazama mpaka nikasahau uji motoni. Walifika ncha ya jani, wakageuka, wakashuka mpaka ukingo wa bidoni, wakasimama. Siku ya nne walibaki tisa. Siku ya saba wanne, wamesinyaa, hawana mtoto hata mmoja. Na pale uani kwangu, penye kuku na watoto wa jirani na redio, kila nilipopiga magoti mbele ya bidoni ile, kimya kile cha dambo kilinifunga masikio. Nilinusa nione kama ziwa linanuka. Nilichimba udongo kwa kidole nione kama kuna kitambaa. Ulikuwa udongo tu. Niliogopa zaidi kuliko kama ningekuta mkono.

Siku ya kumi Yolande alikuja kabla ya ba Lackson. Hakuangalia bidoni. Alikaa kwenye kinu changu kilicholala.

“Pierrette. Ba Lackson akikuuliza, sema binakula.”

“Nini?”

“Sema bidudu binakula ile muwa. Bidudu bimejaa. Umwage hii bidoni, sema mbuzi amekula.”

“Mama, watakuchomea!”

“Bachome. Muwa hauungui muzizi. Utachoma leo, mwezi utakwisha, utaota tena. Lakini bakisema Antoine haiko pale…” Hakumaliza. Alishika mkono wangu. “Umesema uongo mingi, dada. Sema na huu mumoja, juu yangu.”

Haya ndiyo maisha. Mimi niliyesema uongo bila kuombwa na mtu, siku ile nilipoombwa kwa machozi, ulimi ulikataa. Labda nilikuwa nimechoka nao. Labda ni kwa sababu aliniita dada baada ya yote. Nilimvuta mpaka kwenye bidoni, nikachukua kidole chake, nikakunja jani kwa kidole kile kile. Upande wa chini kulikuwa na ngozi nyeupe kavu, nyepesi, ambazo pumzi yake ilizipeperusha.

“Huku hakuna shati, mama,” nilisema.

Alikunja jani la pili mwenyewe, na la tatu. Kisha akasema aksanti, akaenda nyumbani akafunga mlango.

Ba Lackson alieleza mbele ya komite. Hakujua hasa ni kitu gani ndani ya muwa ule, kama ni utomvu wake au ugumu wa jani, alisema hilo linahitaji maabara. Anachojua ni kwamba vidukari wanaonja, hawashibi, hawazai. Alishauri tuchanganye na aina nyingine, tusiutegemee muwa mmoja, maana wadudu nao hujifunza. Papa Pitchou alitangaza hakuna kuchoma. Na hapo hapo, midomo ile ile iliyosema mlozi ikaanza kuomba mbegu. Wangu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza.

Siku tatu Yolande hakuonekana dambo. Ya nne, saa sita ikikaribia, alikuja na panga. Alikata mstari wote mwenyewe, muwa baada ya muwa, bila kuongea. Kisha akatusimamisha, watu kama arobaini, mashamba yetu yakiwa yamekwisha kuchimbwa mitaro.

“Kila mutu atapata tatu,” alisema. “Sitaki feza, sitaki aksanti. Mukiweka ndani ya udongo, mutasema jina la ule mutu mwenye kuwapatia. Jina lake ni Antoine Kabwe.”

Tulisambaa. Mtu wa kwanza aliinama, akalaza kipande mtaroni, akasema, “Antoine Kabwe,” akafukia kwa mikono. Wa pili akafuata. Jina likatembea dambo zima, huku kwa sauti nzito, kule kwa sauti ya msichana, na baada ya kila jina udongo ukaanguka. Zamu yangu ilipofika nililaza muwa wangu. Nilisema jina, na niliposema nilitazama kuzunguka, nikaona watu arobaini wamepiga magoti, mikono imejaa udongo, wanafukia kitu kirefu kilicholala, wakimtaja mtu mmoja. Tulikuwa tunamzika.

Yolande naye aliona. Aliketi chini palepale kwenye mstari uliokatwa, akanyoosha miguu kama wajane wanavyoketi kwenye kilio, akafungua kitambaa cha kichwa. Alilia kilio cha miaka yote ile. Wamama walimwendea mmoja mmoja wakakaa pembeni yake. Nami nilikwenda, nikakaa, hakunifukuza.

Alipotulia alinishika goti. “Amefika,” alisema.

Ndipo nilipoona visiki. Palipokatwa kwa panga paliloa utomvu, na juu ya utomvu ule, kwa mara ya kwanza tangu mstari ule upandwe, walikuwa wamekuja sisimizi. Nilinusa. Hapakunuka ziwa.

Sasa ni mwaka wa pili. Miwa ile imeota kwa kila mtu, hata visiki vya Yolande vimechipua upya, na sokoni Kashikishi wavuvi wananung’unika kwamba inawaumiza meno, lakini wananunua. Yolande amenyoa nywele, zimeota tena, na saa sita anapumzika nyumbani kwake kama mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye ninayekwenda dambo saa ile. Majani yangu husuguana bila upepo. Huwa nasema, “Papa Antoine, jua ni kali leo.” Kisha naacha nafasi.